Kulia, Tazama!

Kosa la Violet halikuchukua hata dakika moja, ila alilifanya kwa sauti kubwa mbele ya watu arobaini.

Ilikuwa Jumatatu, saa kumi alasiri, kwenye uwanja wa mpira pale Mpemba. Upepo wa Juni ulikuwa unateremka kutoka milima ya Ileje, ukiwapaka wanamgambo vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Violet, kamanda wa gwaride, alijitenga na kikosi chake kwa hatua kumi na tano, akapiga mguu chini, akainua kidevu, akamtazama mkufunzi wake machoni na kutamka kama alivyofundishwa kwa miezi minne:

"Afande Anyelwisye! Kikosi cha mgambo cha Mpemba, watu thelathini na wanane, kiko tayari kwa ukaguzi wako, afande!"

Siku zote mzee alikuwa anajibu, "Sawa, kamanda." Siku hiyo hakujibu. Alihamisha macho polepole, akayapeleka kwenye goli lisilo na nyavu, akayaacha hukohuko. Upande wa pili, walipouzia chai, sinia lilianguka na maandazi yakabingirika vumbini.

"Yesu wangu!" ilisikika sauti ya shangazi Ruti, dada yake mzee, mwenye maandazi. "Amemtaja! Amemtaja jina na kumkodolea macho!"

Violet alidhani kifungo cha shati lake kimefunguka. Alijikagua. Vifungo vyote vilikuwa mahali pake.

Katika safu, kijana mmoja mwenye mabega mapana alifumba macho kama mtu aliyepigwa jiwe. Huyo alikuwa Lwitiko, mtoto wa mkufunzi, fundi wa matairi ya malori hapo barabarani, na tangu jana yake alikuwa mchumba wa Violet. Jumapili baada ya ibada, mshenga alikuwa amepeleka posa kwa kina Violet, na posa ikapokelewa kwa nyimbo.

Jioni hiyohiyo shangazi Ruti alifika nyumbani kwa kina Violet, na kanga yake bado ina vumbi la uwanjani.

"Elizabeti, mwenzangu, sikuja kugombana," alimwambia mama yake Violet, kisha akagombana tangu hapo mpaka chai ikapoa. "Sisi watu wa Ileje, siku posa ikipokelewa, baba mkwe hatazamwi tena. Hatajwi jina. Mkamwana akikutana naye njiani anaingia kwenye mahindi mpaka mzee apite. Sasa huyu posa jana, leo anamwita kaka yangu kama yuko mnadani!"

"Mukwai, shangazi, hakujua," alisema mama Elizabeti. Miaka mingi ya kuuza vitenge kwa wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imeuzoesha ulimi wake Kibemba cha adabu. "Sisi Wanamwanga tunamheshimu mkwe, lakini hatumkimbii hivyo. Hakuna aliyetuambia."

"Mshenga alipaswa kuwaambia."

"Mshenga alikula kuku, akashushia na soda, akasinzia."

Violet alitaka kucheka, lakini uso wa shangazi ulimkatisha.

"Basi sasa mmejua," shangazi Ruti alisema. "Aache mgambo. Yule mtoto wa bodaboda, Clever, ataongoza gwaride."

"Shangazi," Violet alisema kwa upole, "Jumamosi tunahitimu. Nimebakiza siku tano tu."

"Na ndoa umebakiza miezi miwili. Pima mwenyewe." Kisha sauti ya shangazi ikashuka, na hapo ndipo Violet alipoumia kweli. "Binti yangu, Jumamosi ni siku ya kaka yangu. Miaka thelathini na moja amewafundisha watoto wa watu kutembea, hajakaa jukwaani hata mara moja. Mwaka huu anapumzika, kata imempa heshima. Atakaa kiti cha mbele, akague gwaride yeye, apigiwe saluti yeye. Ndugu zetu wanashuka kutoka Ileje kumwona. Unataka waone mkwe wake akimtazama usoni? Watasema nini? Watasema kaka yangu amemwozesha mtoto wake mwanamke asiyemheshimu. Na mimi nitakuwa wa kwanza kusema ndoa hiyo isiendelee."

Shangazi alipoondoka, mama Elizabeti aliokota vikombe. Violet alibaki ameukazia macho mlango. Tangu jioni ile, hata moyoni mwake, hakumtaja tena mzee kwa jina.

Angewezaje kumvunjia heshima mtu yule? Mwaka mmoja nyuma, moto ulishika mstari wa vibanda ambako Violet na mama yake walikuwa wakiuzia vitenge. Watu walikimbia na mali zao, kila mtu na mzigo wake. Mama Elizabeti alikuwa na mguu mbovu, akabaki ndani anakohoa. Walioingia hawakuwa na kofia za chuma wala mipira ya maji. Walikuwa fundi cherehani, mwalimu wa chekechea, wauza mchele wawili na mzee mmoja mwenye mvi, wote mgambo, wote wameacha shughuli zao waliposikia filimbi. Mzee huyo ndiye aliyetoka na mama Elizabeti mgongoni. Alimshusha kando ya barabara taratibu kama anashusha mtoto aliyelala, akasema, "Mshukuruni Mungu," akarudi kwenye moshi kuwafuata wengine.

Nyuma yake alikuwa anakimbia kijana mweusi kwa masizi, amebeba marobota mawili ya vitenge. Aliyaweka miguuni pa Violet. Walitazamana. Meno tu na macho ndiyo yaliyoonekana katika uso ule, lakini Violet hakuwahi kutazamwa namna ile, kama mtu aliyesahau kwamba nyuma yake kunaungua.

"Dada, yote ni haya?" aliuliza.

"Kuna mama yangu," Violet alijibu huku analia, "na ameshatoka. Basi ni yote."

Mafunzo yalipotangazwa, Violet alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Lwitiko, ambaye siku ya moto alimfuata tu baba yake bila kuwa mgambo, alijiandikisha wa pili, nusu saa baadaye, baada ya kuona jina la nani liko juu ya karatasi. Penzi lao lilikulia katika safu, mahali ambapo kugeuza jicho ni kosa. Akimwangalia Violet pembeni, baba yake alimrusha kichura kuzunguka uwanja mzima. Akimaliza, anamwangalia tena. "Mtoto huyu ana magoti ya chuma au ana ugonjwa," mzee alikuwa akisema, na kikosi kizima kinabana kicheko.

Jumanne Violet hakwenda uwanjani, ingawa wiki hiyo ya mwisho mazoezi yalikuwa ya kila siku. Jumatano hakwenda. Kutoka uani kwao alimsikia Clever akipiga amri kwa mbali, kisha mlio wa bunduki za mbao zikigongana na watu wakitukanana, kwa sababu Clever alikuwa amewaamuru wageuke kulia huku yeye mwenyewe akigeuka kushoto.

Alhamisi alasiri aliifua kombati yake, akaianua na kuikunja vizuri ili airudishe. Alikuwa anaikunja kwa mara ya tatu, maana machozi yalikuwa yanailowesha upya, Lwitiko alipoingia uani kwa mlango wa nyuma. Mikono yake ilikuwa bado na weusi wa matairi.

"Hodi ya wapi hiyo?" Violet alimuuliza bila kuinua uso.

"Nimebisha mara tatu. Unalia hata husikii." Alichuchumaa mbele yake. "Violet wangu. Nimepata njia."

"Niambie."

"Ugua."

"Nini?"

"Ugua mpaka Jumamosi ipite. Malaria. Nitamwambia Afande Rabson, msaidizi wa baba, atakuandikia ruhusa. Wiki ijayo unapata cheti chako kimyakimya, shangazi anatulia, ndoa inaendelea."

Violet aliiweka kombati chini. "Lwitiko, unataka nianze maisha yetu kwa kumdanganya Mungu kuhusu malaria?"

"Si Mungu. Ni shangazi."

"Mungu hakai chumba kimoja na shangazi yako? Hasikii?"

"Basi unataka nifanye nini?" Lwitiko alisimama ghafla. "Mila sikuitunga mimi! Nikisema achana na mila, nimemtukana baba. Nikisema achana na gwaride, nimekutukana wewe. Na gwaride lenyewe, Violet, mgambo si kazi. Ni jioni tatu kwa wiki!"

Neno lilipomtoka alitamani kulirudisha.

"Mama yangu," Violet alisema polepole, "alibebwa na watu wa jioni tatu kwa wiki."

"Nisamehe. Sikukusudia."

"Hao askari wa zimamoto walioajiriwa siku ile walifika saa ngapi? Sisemi vibaya, walikuwa mbali. Watu wa jioni tatu kwa wiki walikuwepo. Mimi nilikuwa nauza vitenge tu, Lwitiko. Nikiona hatari nakimbia. Baba yako ndiye aliyenifundisha kusimama. Sasa kabla sijasimama mbele yake hata mara moja ya kweli, naambiwa nikajifiche kwenye mahindi."

"Hunipendi?"

"Ningekuwa sikupendi ningeshavaa hii nguo, nimeenda."

Lwitiko alinyoosha mkono kumfuta shavu, akaukumbuka weusi wa tairi, akamfuta kwa kiwiko. Hapo wote wawili walitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Kabla hawajachagua, sauti ilipasuka kutoka nyuma ya uzio wa mabati:

"Nyuma… GEUKA!"

Miguu ya Violet ilitii kabla akili haijauliza. Aligeuka, kisigino kikagonga kisigino, macho yake yakatazamana na ukuta wa jiko. Lwitiko naye aligeuka, lakini alizungukia upande usio wake, nusura akanyage ndoo.

"Wewe sikukuamuru," sauti ilisema. "Hata hivyo umekosea."

Nyayo nzito ziliingia uani. Violet alisikia pumzi za mtu mzima aliyepanda kilima. Alijua, bila kuona, kwamba mzee amesimama hatua tatu nyuma yake, naye amegeuza mgongo.

"Lwitiko," mzee alisema, "mwambie kamanda wa gwaride kwamba hajaonekana uwanjani siku tatu. Ana sababu?"

Lwitiko aliutazama mgongo huu na mgongo ule. "Violet, baba anasema…"

"Nimesikia. Mwambie mzee kwamba nilimkosea. Nilimtaja na kumtazama. Sikujua. Naomba msamaha."

"Baba, anasema…"

"Masikio ninayo. Mwambie kosa ni la mshenga, na mshenga nimeshamrusha kichura."

Violet alibana midomo. Mshenga alikuwa mzee wa kanisa mwenye kitambi.

Sauti ya mzee ilipungua ukali. "Mwambie, sisi hatumfichi mkwe macho kwa sababu ni mbaya. Mama yako wewe, Lwitiko, alimkwepa babu yako miaka kumi na minane. Hawakutazamana hata siku ya msiba. Lakini babu alipokuwa anakaribia kwenda, uji uliomshuka kooni ni ule tu alioupika mama yako na kuupitisha kwa mkono wa mtu mwingine. Alisema, 'Huyu ndiye mtoto aliyeniheshimu.' Mimi nataka kufa na neno kama hilo. Siwezi kuitupa mila hiyo. Mwambie."

"Mwambie nimeelewa," Violet alisema. "Na siombi aitupe."

"Muulize basi anataka nini."

Upepo uliitingisha kamba ya nguo. Violet alimwomba Mungu neno moja la kweli, kwa kuwa maneno mazuri hakuwa nayo.

"Mwambie nataka vyote viwili. Nataka kuwa mkwe wake. Na nataka kuongoza kile kikosi Jumamosi, kwa sababu ni yeye aliyenifundisha, na hakuna zawadi nyingine niliyo nayo ya kumpa kwa ajili ya mgongo uliombeba mama yangu."

Lwitiko alifuta macho kwa kiwiko badala ya kurudia.

Mzee alikohoa mara mbili.

"Mwambie kamanda," alisema mwishowe, "Jumamosi, saa mbili kamili. Kombati ipigwe pasi, na hizo alama za machozi zisionekane."

Nyayo zikaondoka. Mlango wa mabati ukalia. Hakueleza kitu kingine.

Ijumaa yote Violet alitafuta maana ya maneno yale. Kama akienda, angeripoti kwa nani bila kumtazama? Kama asipoenda, amekaidi amri ya mkwe. Alfajiri ya Jumamosi alipiga magoti kwenye sakafu baridi na kusali. "Baba, mimi naenda. Macho yangu nimekukabidhi wewe. Utakapoyapeleka, yatakuwa salama." Mama yake alimfunga mkanda wa kombati kwa mikono yake, akamwambia, "Nenda, mwanangu. Yule mzee hajawahi kumshusha mtu vibaya."

Uwanja ulikuwa umefurika. Malori mawili ya ndugu kutoka Ileje yameegeshwa kando, akina mama wamejitanda mablanketi kwa baridi. Jukwaani palikuwa na diwani, viongozi wa kata, na katikati, kiti kimoja kilichofunikwa kitambaa cheupe. Hakuna aliyekikalia.

"Afande hajaja?" Violet alimnong'oneza Rabson, mkufunzi msaidizi.

Rabson alikuwa na uso wa mtu aliyemeza kitu kikubwa. "Amekuja. Mzee amesema ukaguzi nifanye mimi. Utaripoti kwangu."

"Na yeye yuko wapi?"

"Usigeuke," Rabson alisema. "Safu ya nyuma, wa mwisho kabisa. Amekuja na bunduki ya mbao, kama kuruta."

Violet alikaza macho mbele. Nyuma yake alimsikia Clever akinong'ona, "Babu, umefeli? Unarudia darasa?" na sauti ileile ya miaka thelathini na moja ikimjibu, "Kimya safuni."

Sasa alielewa. Katika safu ya nyuma, mgambo hamtazami kamanda usoni, na mbele ya mzee alisimama Lwitiko, mrefu na mpana kama mlango, akiwa pazia kati ya baba yake na mchumba wake. Mila ilikuwa nzima. Gwaride lilikuwa zima. Kilichotolewa ni kile kiti cheupe tu, na siku moja ambayo mzee aliisubiri nusu ya maisha yake.

Shangazi Ruti naye aliona. Alisimama kando ya sinia lake, mkono mdomoni.

Violet alivuta pumzi.

"Gwaride! Mguu… SAWA!"

Visigino thelathini na tisa viligonga kama kimoja. Aliwatembeza kwa hatua za haraka kuzunguka uwanja, yeye mbele, wao nyuma, na vumbi likapanda mpaka kwenye mapaja ya watazamaji. Hakuona kitu cha nyuma yake, lakini katika mpigo wa miguu alisikia mguu mmoja uliotua kwa hakika kuliko yote, ukiwavuta vijana wote waufuate. Walipokaribia jukwaa aliijaza pumzi kifuani.

"Kuliaaa… TAZAMA!"

Nyuso zote ziligeuka kulia. Na Violet, mkono ukiwa usawa wa paji la uso, aligundua kwamba macho yake yamekwenda moja kwa moja kwenye kile kiti kitupu. Diwani alikuwa amesimama. Viongozi wote walikuwa wamesimama. Hakuna aliyesogea kukikalia. Hapohapo kutoka upande wa sinia la maandazi kikapanda kigelegele kirefu, kikali, cha mwanamke mmoja anayelia, na akina mama wa Ileje wakakipokea.

Baada ya vyeti na hotuba, Violet alitoa amri ya mwisho na kikosi kikatawanyika kwa makelele. Yeye hakutawanyika. Alibaki palepale akiupa uwanja mgongo, macho yake kwenye paa la kanisa. Alimsikia mtu akija kusimama mbele yake. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Anapeana mikono na watu," Lwitiko alisema, akitazama juu ya bega lake.

"Sasa?"

"Shangazi Ruti anamfuta vumbi begani. Anamgombeza."

"Anamwambia nini?"

"Kwamba kwa umri wake atavunjika nyonga. Sasa ameanza kulia tena. Sasa anamlisha andazi." Lwitiko alinyoosha shingo. "Anavuka barabara. Dereva mmoja amesimamisha lori zima ili apite. Amempigia saluti dirishani, Violet. Na baba ameijibu."

Machozi yalimtiririka Violet bila aibu. "Ameuliza chochote?"

"Ameniambia nikuambie, 'Sawa, kamanda.'"

Violet alifumba macho, akamshukuru Mungu kimyakimya, mpaka aliposikia Lwitiko akivuta pumzi.

"Amekata kona ya duka la mbolea. Haonekani tena. Huyo utamkwepa miaka yote, nami nitasimama katikati kila siku, sitachoka. Lakini mimi, Violet, ukinikwepa hata mara moja nitakushtaki kwa kamanda wa gwaride."

"Kamanda ni mimi."

"Najua. Ndiyo maana nasubiri amri."

Violet alifuta uso kwa mkono wa kombati. Alijiweka sawa, akapiga kisigino. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo haijawahi kutumika katika gwaride lolote, alisema:

"Nitazame."

Naye akatii.